WAYA WA TATU: Kuchagua Ekstensheni ya Kupelekea Umeme Kwenye Tela

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, fundi wa umeme, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkusanyiko wetu hapa Busi. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, ila tumeongeza vichwa vidogo. – Mhariri.



Katibu aliponiita aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote la manufaa litokalo katika kazi yangu. Wenzangu walionitangulia wamezungumza juu ya elimu, kilimo na maendeleo ya taifa letu, nasi tumewapigia makofi kwa haki. Mimi ni fundi wa umeme. Jambo langu ni dogo, lina urefu wa mita 20 au 30 tu, na linauzwa madukani kwa roli. Nataka kuzungumza juu ya waya wa ekstensheni, hasa ule unaopeleka umeme kwenye tela, na namna ya kuuchagua usije ukamwua mtu.

Huenda baadhi yenu wanajiuliza: Busi na tela la kukaa watu, wapi na wapi? Nawajibu kwamba matela yapo, na yanaongezeka. Wilaya yetu ya Kondoa imepitiwa na Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ya kutoka kusini mwa Afrika kwenda Kairo. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na wako wageni wanaofika Kolo kuitazama wakivuta nyumba zao nyuma ya gari. Kambi za ujenzi wa barabara hulaza watu katika matela. Daktari huweza kuja na kliniki ya magurudumu, mama lishe akapikia ndani ya tela, kinyozi akanyolea humo, na fundi wa kuchomelea akaburuta mashine yake kutoka mnada hadi mnada. Wote hao wakisimama mahali huuliza swali moja: "Umeme uko wapi?" Kisha hutoa ekstensheni.

Na umeme sasa uko. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007 nguzo zimefika katika vijiji ambavyo sisi tuliviacha vikiwaka koroboi. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini TANESCO hutuletea umeme hadi kwenye mita. Baada ya mita kazi ni yetu, na ekstensheni iko mbali baada ya mita, huko nje kwenye jua, matope, mbuzi na watoto.

TELA SI KAMA NYUMBA

Kwanza tufahamu kwa nini tela lina hatari ambayo nyumba haina. Nyumba imekaa juu ya ardhi, na kuta zake ni za udongo au tofali. Tela ni sanduku la bati na chuma lililokaa juu ya mipira. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo waya wa moto ukichubuka mahali popote ndani yake na kugusa bati, bodi zima la tela hupata umeme, kuanzia paa hadi kitasa cha mlango, na umeme huo haupati njia ya kwenda ardhini. Hukaa hapo hapo ukingoja.

Ubaya wake ni kwamba hakuna dalili. Taa zinawaka kama kawaida, friji linanguruma, na LUKU inahesabu yuniti zake bila kulalamika. Aliye ndani ya tela hasikii kitu, kama ndege aliyetua juu ya waya wa nguzo. Hatari iko kwenye ngazi ya mlangoni, pale mtu anaposimama mguu chini ardhini na mkono kwenye kitasa. Hapo yeye mwenyewe ndiye anakuwa waya wa kupeleka umeme ardhini.

Kwa sababu hiyo ekstensheni ya tela lazima iwe na nyaya tatu. Waya wa moto huleta umeme. Rangi yake katika nyaya za kunyumbuka ni kahawia. Waya wa nyutro huurudisha. Rangi yake ni buluu. Waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, ni wa erthi. Ukizikuta nyaya za zamani mtaona nyekundu, nyeusi na kijani, maana yake ni hiyo hiyo. Waya wa tatu umefungwa kwenye bodi la tela upande mmoja, na upande wa pili unafika kwenye fimbo ya erthi iliyopigwa ardhini. Siku zote haufanyi kazi yoyote inayoonekana, na ndiyo maana watu huudharau. Lakini siku waya wa moto utakapogusa bati, waya huu ndio utakaouchukua umeme ule na kuupeleka ardhini badala ya mtu.

Muuzaji akikuambia, "Huu wa nyaya mbili ni rahisi, na taa inawaka vile vile," anasema kweli. Taa inawaka vile vile. Hiyo ndiyo sababu watu huendelea kuununua.

NILICHOKIONA KAMBINI

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na mkandarasi mmoja, ambaye sitamtaja, nikakague umeme katika kambi yake ya barabara katika uwanda huu wetu wa kati. Niliitwa baada ya msiba. Kijana wa jikoni alikuwa amefariki asubuhi ya siku iliyotangulia. Walimkuta ameshika kitasa cha tela la chakula, miguu iko matopeni.

Nilipima kati ya bodi la tela na ardhi. Mita ilisoma volti 230. Ndani, nyuma ya jiko, waya wa birika la umeme ulikuwa umebanwa na ukingo wa bati hadi ukatoboka. Hilo ni kosa dogo ambalo hutokea popote. Nikaifuata ekstensheni, mita kama 40, kutoka kwenye tela hadi kwenye ubao wa umeme. Katikati yake palikuwa na kiungo kilichozungushiwa tepu nyeusi vizuri sana, kwa usafi. Nikaifungua tepu. Upande mmoja ulikuwa na nyaya tatu, upande wa pili nyaya mbili. Aliyeunga alikuwa ameukata waya wa kijani na manjano, akaukunja nyuma, kisha akaufunika.

Niliuliza ekstensheni ile imetumika kwa muda gani. Wakasema tangu kiangazi. Basi kwa muda wote huo tela lile huenda lilikuwa na umeme kitasani, lakini ardhi ilikuwa kavu, watu walivaa viatu, na ngazi ilikuwa ya mbao. Mvua ya kwanza iliponyesha, ngazi ikasogezwa, kijana akatoka kuteka maji bila viatu, akarudi.

Ndugu zangu, kijana yule alikuwa na umri wa hawa walioketi safu ya mbele. Sikumfahamu akiwa hai. Lakini tangu siku ile, nikiombwa kuzungumza mbele ya watu, nazungumza juu ya waya wa tatu.

FYUZI HAIMLINDI MTU

Pale kambini mtu mmoja aliniuliza: "Mbona fyuzi haikukatika?" Ni swali zuri, na jibu lake kila mwanafunzi wa fizikia analiweza.

Fyuzi ya plagi yetu ya pini tatu ni ya ampea 13. Mwili wa mtu aliyelowa tukiukadiria kuwa na ukinzani wa omu 1,500, basi volti 230 gawanya kwa 1,500 ni kama ampea 0.15, yaani miliampea 150. Fyuzi inayongoja ampea 13 haioni kitu kabisa. Lakini kwa mtu, kama miliampea 10 zinatosha kuufunga mkono usiweze kuachia, na kuanzia miliampea 30 moyo umo hatarini. Taa moja ya kioo ya wati 40 inatumia miliampea 174. Umeme wa kuwasha taa hiyo unazidi mara tano ule unaoanza kuuhatarisha moyo.

Fyuzi kazi yake ni kulinda waya usiungue. Mtu hulindwa na waya wa tatu, pamoja na swichi moja ambayo nitaitaja baadaye.

NAMNA YA KUCHAGUA

Sasa twende dukani. Watu wengi hununua ekstensheni kwa kuuliza mambo mawili: mita ngapi, na bei gani. Mimi nawaomba mkague mambo matano kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, waya wa tatu uwe mzima kutoka mwisho hadi mwisho. Usiamini pini tatu za plagi, maana nimefungua plagi nyingi zenye pini tatu na ndani yake kuna nyaya mbili. Kipimo chake ni rahisi, na vijana mnaweza kukifanya katika maabara. Chukua betri ya tochi, balbu ya tochi na vipande vya waya. Ekstensheni isiwe imechomekwa mahali popote. Unganisha betri na balbu kati ya pini ndefu ya plagi, ile ya juu, na tundu la erthi la soketi ya upande wa pili. Balbu ikiwaka, waya wa tatu upo. Isipowaka, ekstensheni hiyo si ya tela, wala si ya kitu chochote chenye bodi la chuma.

Kadhalika, nakemea ile desturi ya kuchomeka kalamu au njiti katika tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Pini ya erthi ilifanywa ndefu makusudi, iwe ya kwanza kuingia na ya mwisho kutoka, na ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mengine. Anayeingiza kalamu ameivunja kinga hiyo kwa mkono wake.

Pili, unene wa waya. Hapa lazima tupige hesabu. Jumlisha wati za vyombo vyako, kisha gawanya kwa 230 upate ampea. Tuchukue tela la mama lishe: birika la wati 2,000 ni ampea 8.7, pasi ya wati 1,000 ni ampea 4.3, friji, feni na taa pamoja wati 250 ni ampea 1.1. Jumla ni ampea 14.1, nayo imeshapita uwezo wa plagi ya ampea 13. Kwa hiyo ama asichemshe chai huku anapiga pasi, ama atumie plagi kubwa zaidi.

Unene hupimwa kwa milimita za mraba, na huandikwa juu ya ngozi ya waya. Waya wa kunyumbuka wa 0.75 unachukua ampea 6, wa 1.0 ampea 10, wa 1.5 ampea 16, na wa 2.5 ampea 20. Hizo ni hesabu za waya ulionyooshwa penye hewa. Katika jua letu la Oktoba usiusukume hadi mwisho wa uwezo wake.

Urefu nao una ushuru wake. Tuseme waya wa mita 40 unabeba ampea 10. Ukiwa wa 0.75, ambao haukustahili mzigo huo, utapoteza njiani karibu volti 25. Tela litapata volti 205, na mota ya friji itahangaika kuwaka. Ukiwa wa 1.5 utapoteza kama volti 13. Ukiwa wa 2.5 utapoteza kama volti 8 tu. Na volti zilizopotea hazikupotea bure, zimegeuka kuwa joto. Volti 25 mara ampea 10 ni wati 250: ni kama pasi ndogo umeificha ndani ya waya.

Ulaya, ambako matela ya kulala ni mengi, wamekubaliana juu ya kipimo: waya wa nyaya tatu, milimita za mraba 2.5, urefu wa mita 25, na plagi ya buluu ya ampea 16. Nashauri tufuate kipimo hicho hapa, kwa kuwa volti zetu ni 230 kama zao. Ukihitaji kwenda mbali zaidi ya hapo, panda hadi 4.0. Lakini mwenye kuletewa tela kutoka Marekani ajihadhari. Huko vyombo vya kawaida ni vya volti 120. Usiangalie waya wa tela hilo kabla fundi hajaangalia tela lenyewe, la sivyo kila kitu ndani yake kitaungua siku ya kwanza.

Tatu, shaba ya kweli. Maandishi juu ya ngozi yanaweza kusema 2.5 na ndani pasiwe na 2.5. Mwombe muuzaji afungue soketi, uhesabu nyuzi. Waya wa 2.5 wa kunyumbuka kwa kawaida una nyuzi 50, kila moja unene wa milimita 0.25; wa 1.5 una nyuzi 30 za unene huo. Wanafunzi, eneo la duara mmelisoma: nusu kipenyo ni 0.125, zidisha yenyewe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa nyuzi 50, mtapata karibu 2.45. Kisha kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 60 hivi ya shaba. Sumaku ikiunasa, ni chuma. Tafuteni pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, shirika lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Rahisi ni ghali, na katika waya ughali wake haulipwi kwa fedha.

Nne, ngozi ya waya. Plastiki nyepesi ya ndani ya nyumba hukakamaa na kupasuka ikikaa juani kwetu. Kwa tela nunua waya wa ngozi ya mpira mzito, au plastiki nene iliyotengenezwa kwa kazi za nje, yenye rangi inayoonekana mbali kama machungwa au buluu. Waya mweusi juu ya udongo hauonwi na mwenye jembe, wala na mwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Tano, ncha zake. Plagi na soketi za sebuleni hazikutengenezwa kwa ajili ya mvua. Zile za buluu za ampea 16, za duara, zina kifuniko na huzuia maji yanayorushwa. Fundi anaweza kukufungia moja ukutani na nyingine kwenye tela. Ekstensheni iwe moja isiyo na kiungo katikati. Ikiwa fupi, nunua ndefu. Usiunganishe mbili zikalala nyasini. Na kabisa, kabisa, usitengeneze waya wenye plagi za kiume pande zote mbili ili kuingiza umeme wa jenereta kwa kupitia soketi. Pini zitakuwa wazi zikiwa na umeme mikononi mwako. Tena umeme huo unaweza kurudi kwenye transfoma ya kijiji, ukapandishwa hadi volti elfu kadhaa, ukamkuta fundi wa TANESCO juu ya nguzo akiamini kwamba laini imezimwa.

ARDHI YETU KAVU

Niliahidi kutaja swichi moja. Hili ni la kwetu hasa, watu wa Kondoa na Dodoma.

Fimbo ya erthi hufanya kazi vizuri ardhi ikiwa na unyevu. Sisi kiangazi chetu huanza kama Mei kikafika Novemba, na sehemu nyingi ni mchanga. Tuseme fimbo yako imepigwa katika mchanga mkavu na ukinzani wake umefika omu 100. Waya wa moto ukigusa bodi la tela, hata kama waya wa tatu ni mzima, umeme utakaopita ni volti 230 gawanya kwa 100, yaani ampea 2.3. Fyuzi ya ampea 13 haitakatika. Tela litabaki na umeme.

Dawa yake ni swichi ya kukata umeme unaovuja, ambayo mafundi huiita kwa herufi RCD. Hii hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ikiona miliampea 30 zimepotea njiani hukata mara moja, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Swichi hii bila waya wa tatu hukata pale mtu anapokwisha kupigwa shoti. Waya wa tatu bila swichi hii, katika ardhi kavu, huenda usikate chochote. Vikiwa pamoja, umeme hukatika tangu waya unapochubuka, kabla mtu yeyote hajashika kitasa. Basi pale unapochomeka ekstensheni ya tela, hakikisha pana swichi hiyo, na bonyeza kitufe chake cha kujaribia kila unapofika mahali papya. Isiporuka, usitumie. Fimbo nayo ipigwe mahali penye unyevu, pengine karibu na bomba, na kiangazi imwagiwe maji.

NAMNA YA KUTUMIA

Waya mzuri unaweza kuharibiwa kwa matumizi. Nitasema machache.

Ukunjue wote, hata kama unahitaji mita 5 tu. Joto nililolitaja, likisambaa katika mita 40, hewa hulichukua. Waya ukiwa umeviringwa kwenye roli, joto lote hukaa pamoja, ngozi huyeyuka, nyaya hugusana, na moto huanza.

Chomeka kwenye tela kwanza, kisha kwenye soketi ya umeme, na swichi iwe ya mwisho. Ukiondoka fanya kinyume: zima, chomoa kwenye umeme, kisha kwenye tela. Hivyo hutashika kamwe ncha yenye umeme.

Usipitishe waya chini ya mlango wa bati wala katikati ya njia ya magari. Upitishe pembeni, au juu ya nguzo kupita kimo cha lori. Kila asubuhi ufuate kwa macho, kwani panya na mbuzi hawasomi maandishi ya hatari. Fyuzi ikikatika tafuta sababu, kisha weka fyuzi ya kipimo kile kile. Usiweke msumari, wala karatasi ya sigara.

Na ukisikia mtu anasema kitasa cha tela "kinatekenya," usicheke. Usikiguse kujaribu. Zima umeme huko unakotoka, kisha muite fundi mwenye leseni. Ukimkuta mtu ameshikwa na umeme, usimshike. Zima kwanza. Kama swichi iko mbali, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui anza mara moja kumkandamiza kifua, huku wengine wakitafuta gari la kwenda hospitali.

KWENU VIJANA, NA KWETU WAZEE

Namalizia kwa maombi mawili.

Vijana, wengi wenu mtakuwa watu wa kwanza katika nyumba zenu kusoma maandishi yaliyo juu ya waya. Baba na mama hawakupata nafasi hiyo, maana walilelewa na koroboi. Basi msingoje kuwa mafundi. Siku ya harusi, au spika za mkutano zinapofungwa, au tela la kliniki linapofika kijijini, mwendee anayekunjua waya, umsalimie kwa adabu, "Shikamoo mzee," kisha muulize: "Waya wa erthi upo?" Akikasirika si neno. Muulize tena.

Wanafunzi wenzangu wa zamani, kila mwaka tunachangia kitu kwa ajili ya shule. Mwaka huu naomba, pamoja na mengine, tukague ekstensheni zote za hapa: za ukumbini, za ofisini, za jikoni na za nyumba za walimu. Mimi najitolea siku mbili na vifaa vyangu, na nitafurahi nikipata vijana sita wa kidato cha tatu wa kunisaidia kupima kwa betri na balbu. Zitakazoshindwa tuzikate vipande palepale, maana zikitupwa nzima kesho mtu ataziokota. Kisha tununue mpya chache, za nyaya tatu, za shaba, pamoja na swichi ya kukata umeme unaovuja. Chache zilizo nzuri zinatutosha.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Atakayependa kujifunza kile kipimo cha betri, nitakuwa chini ya mti pale nje baada ya chakula, na balbu ninayo.